Viatu vya Kukimbilia na Namna ya Kuvichagua

Katika miaka hii ya karibuni mbio zimeingia majumbani mwetu. Zamani mwenye kukimbia alikuwa ni mwanafunzi wa skuli siku ya michezo, au askari kambini, au mtu aliyefukuzwa na mbwa. Leo twawaona wazee wenye mvi wakitoka baada ya sala ya alfajiri, wengine kwa mwendo wa haraka, wengine kwa mbio za polepole, kwa kuwa daktari amewaambia ya kwamba shinikizo la damu limepanda au sukari imezidi, na ya kwamba dawa peke yake haitoshi. Akina mama nao hutoka wawili wawili kabla ya jua kuwa kali. Jambo hili ni jema, wala hatuna la kulilaumu.

Lakini wengi huanza mwezi huu, na mwezi ujao wamekwisha acha. Ukiwauliza, si wote walioshindwa na uvivu. Mmoja atakwambia muundi wamchoma kama moto. Wa pili atalalamikia goti. Wa tatu atasema ya kuwa akiamka asubuhi hawezi kukanyagia kisigino. Kisha humaliza kwa kusema, "Mbio si za umri wangu," akarudi kitini, na maradhi yake yakarudi pamoja naye. Hapo ndipo tunapoona kwamba kiatu si jambo dogo. Mtu akiacha mbio kwa sababu ya kiatu kisichomfaa, hakupoteza fedha ya kiatu tu, bali amepoteza na afya aliyokuwa akiitafuta.

Haki isemwe: si kila maumivu huletwa na kiatu. Aghalabu chanzo ni pupa. Mtu aliyekaa miaka kumi bila ya kukimbia, siku ya kwanza ataka kwenda kilomita tano. Huyo hakuna kiatu duniani kiwezacho kumwokoa. Na aanze kwa kutembea, achanganye na mbio za dakika moja moja, aongeze kidogo kidogo wiki baada ya wiki. Mwenda pole hajikwai. Bali akishaupata mwendo wa kadiri, ndipo huja swali la kiatu, nalo ndilo tunalotaka kulieleza hapa.

Neno letu lote twaweza kulifupisha hivi: kiatu kizuri cha kukimbilia ni kile kinachoafikiana na mguu wa mwenye kukivaa, na ambacho soli yake ingali hai. Hakiwi kizuri kwa ughali wake, wala kwa unene wa soli yake, wala kwa kuwa bingwa fulani alikivaa.

MZIGO WA MGUU

Mtu atembeapo, daima kuna mguu ulio juu ya ardhi. Akimbiapo, kuna nukta ambayo miguu yote miwili i hewani, kisha mwili mzima huangukia mguu mmoja. Waliopima wameona ya kwamba nguvu inayopanda kutoka ardhini wakati huo ni kiasi cha mara mbili hadi mara tatu ya uzito wa mtu. Basi mwenye kilo 70, kila atuapo, mguu wake hupokea mzigo wa kama kilo 140 hadi 210. Na mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua kama 160 hadi 180 kwa dakika. Akikimbia kwa nusu saa, hatua zake hazipungui 4,800.

Mguu umeumbwa na kinga yake. Chini ya kisigino kuna mto wa mafuta. Katikati ya wayo kuna upinde ubonyeao na kurudi. Nyuma kuna ile kano nene ya kisigino, inayovutika pamoja na shavu la mguu kama mpira wa manati. Kiatu ni msaidizi wa kinga hiyo, wala si badala yake.

Mfano wa jambo hili ni Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka 1960, mjini Roma, alishinda mbio za marathoni za Olimpiki akiwa peku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964, mjini Tokyo, akashinda tena, safari hii amevaa viatu, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Mtu ni yule yule. Ushindi ulikuwa katika mapafu yake, na moyo wake, na miguu iliyofanya kazi miaka mingi.

Msomaji asifahamu kuwa twamwambia avue viatu. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walitoa uchunguzi ambao ndani yake walikuwamo wakimbiaji wa Kenya. Wakaona kwamba waliozoea kukimbia peku aghalabu hutangulia kutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na waliozoea viatu hutangulia kutua kwa kisigino. Maana yake ni kuwa kila mguu hufuata mazoea yake. Mguu wa kijana aliyechunga mbuzi peku mlimani si sawa na mguu wa karani uliofungwa ndani ya kiatu cha ngozi miaka thelathini. Na njia za miji yetu, kila mtu azijua, zina vigae vya chupa na misumari.

ULAINI WA SOLI

Kiatu cha kukimbilia kina tabaka tatu chini ya mguu. Ya ndani kabisa ni ile soli nyembamba iwezayo kutolewa kwa mkono. Ya chini kabisa ni mpira mgumu unaogusa ardhi. Baina ya hizo kuna soli ya kati, nayo ndiyo roho ya kiatu. Ulaini wote utafutwao umo humo.

Raba tulizozijua utotoni, za turubai juu na mpira chini, hazikuwa na mto wa maana. Ni katika miaka ya 1970 ndipo watengenezaji wa Marekani walipoanza kutia katika viatu vya mbio sponji ya plastiki iitwayo etilini vinili asetati, ambayo watu wa kazi hiyo huifupisha EVA. Sponji hiyo imejaa vipovu vidogo vidogo vya hewa, nayo ni jamaa ya ile inayotumika katika kandambili nyingi za leo. Mguu ukitua, vipovu hubonyea. Mguu ukiondoka, hurudi. Huo ndio ulaini.

Tangu hapo soli zimezidi kunenepa. Kuanzia mwaka 2017 viatu vya mashindano vilikuja na sponji nyepesi zaidi na kibapa cha kaboni ndani yake, hata ikabidi mwaka 2020 chama cha riadha cha dunia kuweka kanuni ya kwamba soli ya mbio za barabarani isizidi unene wa milimita 40. Eliud Kipchoge wa Kenya alivaa viatu vya namna hiyo mjini Vienna mwaka 2019 alipomaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi. Vijana wetu huviona viatu hivyo katika picha, wakavitamani. Na wafahamu kwamba vimetengenezwa kwa mtu aendaye kasi kubwa kwa muda wa shindano moja. Ni ghali, huchakaa upesi, na mguu usiozoea huyumba juu yake kama mtu aliyesimama juu ya godoro.

Je, soli laini ina faida? Ina faida, kwa kiasi. Huko Luxembourg wataalamu waliwagawia wakimbiaji 848 viatu vilivyofanana kwa sura, nusu soli laini, nusu soli ngumu, bila ya wao kujua ni vipi. Taarifa yao ya mwaka 2020 yasema kwamba waliopewa soli ngumu waliumia zaidi. Lakini tazama ajabu: faida ya ulaini ilionekana kwa watu wepesi wa mwili kuliko kwa wazito. Na sisi tulikuwa twadhani kinyume, kwamba mzito ndiye atakaye godoro nene. Basi mwenye mwili mkubwa asidanganyike kwa unene wa soli. Sponji laini mno chini ya mtu mzito hubonyea mpaka mwisho, na hapo haina tena la kumsaidia.

UTHABITI

Jambo la pili ni uthabiti, yaani mguu kutua bila ya kuyumba. Kila mguu unapotua huinamia ndani kidogo. Ndivyo ulivyoumbwa, na kwa kuinama huko hupunguza kishindo. Ila kuna watu ambao miguu yao huinamia ndani mno, na aghalabu upinde wa wayo wao ni wa chini. Kwa ajili ya hao vimetengenezwa viatu vyenye sponji ngumu zaidi upande wa ndani, au kingo zilizoinuliwa zinazoukumbatia mguu. Katika viatu vingi vya namna ya kwanza sehemu hiyo ngumu hutiwa rangi ya kijivu, na ukiibonyeza kwa kidole utaihisi kuwa si sawa na upande wa nje.

Kwa miaka mingi wenye maduka walifundisha kipimo chepesi. Lowesha mguu, kanyaga sakafu, utazame alama, kama tuzionavyo alama za nyayo mtu atokapo kutawadha. Alama ikiwa imejaa yote, wayo ni bapa, nunua kiatu cha kuzuia. Ikiwa nyembamba sana katikati, upinde ni wa juu, nunua kiatu laini. Ikiwa baina ya hizo, nunua kiatu cha wastani. Maneno haya yapendeza masikioni. Lakini majeshi ya Marekani yaliyajaribu kwa maelfu ya kuruta, na taarifa zao zilitoka mwaka 2009 na 2010. Kundi moja walipewa viatu kwa kufuata umbo la nyayo zao, na kundi la pili wote wakapewa kiatu cha namna moja. Mafunzo yalipokwisha, hapakuonekana tofauti kubwa ya walioumia baina ya makundi mawili hayo.

Je, kiatu cha kuzuia hakina maana? La, hatusemi hivyo. Uchunguzi mwingine wa huko huko Luxembourg, uliotolewa mwaka 2016 kwa wakimbiaji 372, ulionyesha kwamba wale ambao miguu yao huinamia ndani walifaidika kwa viatu hivyo. Tukiyaweka pamoja haya yote, twapata kwamba alama ya maji sakafuni haitoshi kuwa hakimu. Mwenye nyayo bapa ambaye hana maumivu asitishwe na muuzaji. Na mwenye miguu inayoinama sana, akiumia mara kwa mara, na ajaribu kiatu cha kuzuia. Akikiona chamstarehesha, akichukue.

Uthabiti una milango mingine isiyotajwa sana madukani. Kiatu chenye kitako kipana ni thabiti kuliko chembamba. Chenye soli ya chini ni thabiti kuliko kirefu. Na ule ukuta wa nyuma unaokizunguka kisigino, ukiwa imara, huushika mguu usiteleze. Akimbiaye juu ya lami laini aweza kuvumilia soli nene. Akimbiaye katika njia za vumbi zenye mashimo na mawe, afadhali soli ya wastani yenye meno chini, asije akateguka kifundo.

MGUU NDIO HAKIMU

Basi tufuate nini? Mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Calgary, huko Canada, walitoa taarifa ya askari waliopewa soli za ndani za namna mbalimbali, wakaambiwa kila mmoja achague imstareheshayo. Hawakuchagua namna moja. Na walioumia katika hao wakawa wachache kuliko wenzao wasiopewa. Ndipo wataalamu wengi wakaelekea kusema kuwa starehe ya mguu si anasa, bali ni dalili. Mguu wenyewe huijua njia yake, na kiatu kisichoupinga ndicho kiatu chake.

Lakini starehe nayo ina adabu ya kupimwa. Twashauri haya.

Kwanza, nenda kununua jioni. Miguu huvimba kidogo kwa kazi za mchana, kama inavyovimba mtu akikimbia. Kiatu kilichokutosha asubuhi chaweza kukubana jioni.

Pili, vaa soksi utakazokimbilia, na ujaribu viatu vyote viwili umesimama. Miguu ya watu wengi haitoshani. Fuata ule ulio mkubwa. Wala usitegemee namba iliyoandikwa, kwa kuwa 42 ya mtengenezaji huyu si 42 ya yule.

Tatu, mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Wanaopuuza jambo hili ndio wanaorudi na kucha nyeusi. Vidole viweze kukunjuka bila ya kubanwa ubavuni, na kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu.

Nne, kishike kiatu mkononi. Kikunje: kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo. Kisokote kama ukamuavyo nguo: kisikubali upesi. Bonyeza ukuta wa kisigino: usianguke kama karatasi.

Tano, toka nje ya duka ukimbie hatua chache, ukipewa ruhusa. Kisha simama kwa mguu mmoja na uhesabu mpaka kumi. Ikiwa kifundo chatetemeka sana juu ya soli, na juu ya sakafu tupu hakikutetemeka hivyo, soli hiyo ni laini mno kwako.

Sita, muuzaji akikwambia, "Kinabana sasa, kitalegea," kirudishe. Kiatu cha mbio si kiatu cha ngozi cha kungojwa mwezi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nao waliijua tabia yetu ya kuvumilia kidonda kwa ajili ya upya.

VIATU VYA MTUMBA

Wengi wetu hatununui viatu vipya vya dukani, bali twaenda sokoni kwenye mtumba, kama Gikomba ya Nairobi au Memorial ya Moshi. Hapana aibu. Kiatu kizuri cha mtumba huenda kikashinda kipya cha bandia. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Raba hufuliwa, ikasuguliwa, ikatiwa kamba mpya, ikang'aa, na huku soli yake ya kati imekwisha kufa. Wataalamu wengi hukadiria maisha ya sponji hiyo kuwa baina ya kilomita 500 na 800. Mwenye kukimbia kilomita 3 kwa siku nne za wiki huzimaliza kilomita 600 kwa wiki 50, yaani karibu mwaka. Yule aliyekivaa kabla yako alikimbia ngapi? Hapana wa kukujibu ila kiatu chenyewe. Basi kiulize.

Kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, mguu wako utalala nacho. Tazama ubavu wa soli ya kati: ukiona makunyanzi mengi kama ya uso wa mzee hata pasipo mguu ndani, vipovu vimekwisha pasuka. Bonyeza kwa kidole gumba, ulinganishe kisigino na mahali pasipokanyagwa sana. Hai hubonyea na kurudi. Mfu ni gumu kama ubao, au hubonyea likabaki. Geuza utazame mpira wa chini. Kulika kidogo kwenye ukingo wa nje wa kisigino ni kawaida ya watu wengi, ila ukilika mpaka sponji ikatokeza, kiache. Toa soli ya ndani uone alama ya vidole vya mwenyewe wa kwanza, maana mahali alipochimba yeye ndipo utakapotumbukia wewe.

Kuna na hatari ya kiatu kisichovaliwa kabisa. Baadhi ya soli hutengenezwa kwa poliyurethani, na hizo hata zikikaa kabatini huharibika kwa unyevu na joto. Katika hewa ya pwani jambo hilo huenda upesi zaidi. Mtu akakiona kiatu kizima, akakivaa, na baada ya hatua mia soli ikapukutika kama mkate mkavu. Ukibonyeza soli ikaacha unga, au ikanata kidoleni, usitoe shilingi yako.

WENYE UGONJWA WA SUKARI

Tumesema mguu ndio hakimu. Sasa hapana budi tuwataje watu ambao hakimu wao huenda amelala. Ugonjwa wa sukari ukikaa muda mrefu huweza kuiua hisia ya miguu. Mtu huyo atakwambia kiatu hakimuumizi, naye asema kweli, kwa kuwa mguu wake hausikii. Kiatu kikamchubua asijue. Kijiwe kikakaa ndani siku nzima asijue. Na kidonda chake hakiponi upesi, kwa kuwa damu haifiki vyema, hata wengine mambo yamefika kukatwa mguu. Nao ndio hao hao walioambiwa na daktari wafanye mazoezi.

Kwa hiyo mwenye sukari asitegemee starehe peke yake. Kabla ya kuanza mbio na aulize zahanatini miguu yake ipimwe hisia. Akiambiwa imepungua, kutembea kwaweza kumtosha, kwa mashauri ya daktari. Viatu asinunue peke yake, bali afuatane na mtu wa kuangalia kwa macho na kupima kwa mkono nafasi ya vidole. Kila avaapo, kwanza atie mkono ndani ya kiatu na kupapasa. Kiatu kipya akivae nusu saa tu nyumbani, kisha avue atazame kama pana wekundu. Asikimbie bila ya soksi, wala asitembee peku juu ya sakafu ya ua iliyowaka jua.

Na sisi tuna fursa ambayo wengine hawana. Twaosha miguu mara kadhaa kwa siku. Mzee na asiharakishe. Autazame wayo, na baina ya vidole, na nyuma ya kisigino. Asipoweza kuinama, mjukuu amtazamie. Kisha apanguse baina ya vidole mpaka pakauke kabla ya kuvaa soksi, maana unyevu huko huzaa fangasi, na fangasi hufungua ngozi. Akiona lengelenge au mchubuko, siku hiyo mbio zisimame, na aende zahanati mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

WATOTO, NA KUTUNZA KIATU

Sisi tunaofundisha watoto huviona viatu vyao kila jioni mlangoni mwa madrasa, na viatu hivyo vyasema. Pana raba ambazo ukuta wa nyuma umelala chini kwa kukanyagwa, kwa kuwa mtoto huingiza mguu kwa haraka bila ya kufungua kamba. Kiatu hicho hakina tena uthabiti. Kisigino cha mtoto hucheza ndani yake kama mchi kinuni, naye kesho atapelekwa kushindania skuli yake. Dawa yake ni rahisi: madrasa na msikiti viendewe kwa kandambili, na raba za mbio ziwekewe mbio. Na afundishwe kufungua kamba kila avuapo.

Pana pia raba kubwa kupita miguu, zilizonunuliwa kwa nia ya kwamba "atakua nazo." Twaifahamu nia hiyo, maana fedha haitoshi na mguu wa mtoto haungoji. Lakini kiatu kilichozidi namba mbili humkwaza, na vidole hukazana kukishika kisivuke. Upana wa kidole gumba mbele watosha. Na kila miezi mitatu apimwe upya, kwa kuwa mtoto hasemi kiatu kinapombana. Huchelea kuambiwa asubiri mwisho wa mwezi.

Kuhusu kutunza, maneno ni machache. Kioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo. Kijaze magazeti makavu, ukikaushie kivulini. Jua kali na maji ya moto hulegeza gundi na kuikausha sponji. Mwenye uwezo wa kuwa na jozi mbili na abadilishe, leo hii, kesho ile. Na kila anayebadilisha namna ya kiatu, hasa akitoka kwenye kisigino kirefu kwenda kifupi, aanze kwa mwendo mdogo, kwa kuwa kano ya kisigino na shavu la mguu hutaka muda kuzoea.

Ndugu wasomaji, baba anayemnunulia mwanawe, na mwana anayemnunulia mzazi wake, wote wakumbuke hili: kiatu hakinunuliwi kwa jina lililoandikwa ubavuni. Mpeleke mwenyewe sokoni, asimame ndani yake, akimbie hatua kumi, nawe umtazame kifundo na kisigino. Ukiona ametulia, na soli ingali inarudi ikibonyezwa, lipa. Twawaombea nyote afya na hatua njema.